Kuanzia Mabegani

Ujumbe wa sauti ulinikuta nafua, na kwa kuwa mikono ilikuwa na povu niliuacha usubiri. Lakini mimi siwezi kuacha ujumbe usubiri. Kabla sijafika kwenye shuka la pili nilikuwa nimeshaamua kwamba kuna mtu amefariki, kwamba ni mtu wa kwetu, na kwamba nitakapofika msibani kila mtu ataniuliza nilikuwa wapi. Nikafuta kidole kimoja kwenye sketi, nikabonyeza.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, kinyozi mwenye kibanda chake njia ya sokoni. Alikuwa anahema.

"Msomi, uko wapi? Acha chochote unachofanya. Kuna mwongozaji wa tamthilia yuko Mbeya. Anataka kuonyesha maisha ya familia za madereva wa malori, hapa hapa Tunduma, na anataka sura za hapa hapa. Kaomba picha za watu wangu wote. Picha ya uso, kuanzia mabegani kwenda juu, sura ya kawaida, bila mbwembwe. Ijumaa saa kumi jioni awe nazo. Simu yangu kamera imepasuka kioo. Wewe si una ile kamera yako ya kuvaa shingoni? Usiniangushe, dada yangu. Usiniangushe kabisa."

Nilisikiliza tena, kisha tena, kisha nikaenda kuanika lile shuka bila kulisuuza.

Kamera ninayo. Niliinunua upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake ahamie Ndola. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya mipango miji, nikarudi kukaa kwa shangazi, na kwa muda mrefu mji pekee niliokuwa naupanga ulikuwa meza yangu. Kamera ilinipa sababu ya kutoka nje. Nilikuwa nimepiga kuku wa shangazi, maua ya kahawa kule Mbozi, na kipaimara kimoja ambacho nusu ya watoto walitoka wamefumba macho. Mwigizaji sikuwahi kumpiga. Sasa nilikuwa nimeombwa sura za kikundi kizima, na moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha na kwa hofu kiasi kwamba sikujua kipi ni kipi.

Jioni ile nilifanya mazoezi kwa shangazi. Nikamkalisha dirishani, nikasogea, nikarudi nyuma, nikamwambia ainue kidevu, ashushe kidevu.

"Unanitazama kama daktari," akasema. "Kama kuna kitu umekiona usoni kwangu, kiseme."

Kabla sijamjibu kukawa na hodi, akaingia mama mmoja ambaye mtaa mzima wa kwetu unamjua. Anauza maharage sokoni. Ni mtu wa Mbebe, kule milimani Ileje, na Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama njia za huko. Lakini watu hawamjui kwa maharage. Wanamjua kwa sababu katika vile vichekesho vifupi vya kikundi vinavyozunguka kwenye simu, yeye ndiye mama mkwe. Ndiye anayehesabu nyama kwenye sufuria ya mke wa mwanawe. Ndiye anayeficha chumvi. Ana namna ya kulifumba jicho moja nusu na kuukunja mdomo upande, ukimtazama unatamani kuolewa na yatima. Kuna siku nilimwona mteja akinunua maharage kwake, na kabla ya kulipa akayanusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ndiye utakayetupiga."

"Ndiyo mama."

Alikataa kiti. Akasimama karibu na mlango, mikono ameifungia ndani ya kanga.

"Humo kwenye hiyo tamthilia kuna mama. Mwenyekiti kanisimulia. Mwanawe dereva, kaenda na mzigo Kongo, harudi, simu haiiti. Mama yupo tu, anasubiri. Hiyo ndiyo naitaka."

"Utaipata, mama," nikasema, haraka, kwa sababu napenda watu wafurahi kabla hawajakaa vizuri.

"Nitaipataje? Wakiniona watasema, aa, huyu ndiye mkwe, mpeni ya mkwe. Miaka yote ni mkwe. Sokoni mkwe, kanisani mkwe. Mwanangu wa pili kachumbia, wazazi wa binti wakatuma mtu kuuliza kama nilivyo kwenye simu ndivyo nilivyo nyumbani." Akanisogelea. "Nipige picha ambayo yule mama mkwe hayumo. Ndicho nilichokuja kusema."

Akaaga. Shangazi akaniangalia. "Umemwahidi," akasema. Sikulala vizuri, na kitu kilichonikosesha usingizi kilikuwa furaha. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa na mtu ndani yake.

Studio yetu ilikuwa pagale la kaka yake mwenyekiti, nyumba iliyofika kwenye linta ikaishia hapo. Haina paa, na kwa picha hakuna kitu kizuri kama nyumba isiyo na paa: mwanga unashuka kutoka juu bila kumchoma mtu, na kuta za matofali zinazuia upepo. Nikatundika shuka jeupe ukutani, lile lile, safari hii limesuuzwa. Kwa ajili ya kurudisha mwanga usoni niliazima kwa dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani ile kinga-jua ya kioo cha mbele cha lori, yenye rangi ya fedha. Alisema foleni haisogei hadi wiki ijayo, nichukue tu. Nikaiegemeza kwenye rundo la matofali. Nilikuwa nimejipanga kweli kweli.

Kisha Alhamisi saa tatu asubuhi waigizaji wakaanza kuingia, nami nikataka kukimbia.

Mwenyekiti alikuwa amewapelekea ujumbe kwa maneno yake mwenyewe: njooni mkiwa waigizaji kamili. Kwa hiyo walikuja kamili. Wa kwanza alikuwa mganga, manyoya ya kuku kichwani na uso mzima umepakwa unga wa sembe. Nyuma yake mlevi, chupa mkononi imejaa chai ya rangi. Binti mmoja mwembamba alikuja na mimba ya mto. Askari alikuja na rungu la mti. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mchungaji, suti na tai, na Biblia ambayo ukiitazama vizuri ilikuwa kamusi.

Nilisimama pale na kamera shingoni, nikitafuta namna ya kuwaambia bila kumvunja mtu moyo. Nilitunga sentensi tatu kichwani nikazifuta zote.

"Samahanini," nikaanza. "Mmependeza. Mmependeza sana. Ila mwongozaji anataka sura zenu za kawaida."

"Ya kawaida si iko kwenye kitambulisho?" mganga akauliza. "Na ya kitambulisho nimetoka kama mtu aliyeiba mbuzi."

"Wewe hata bila picha uko hivyo hivyo," akasema mjamzito.

"Tulia, utazaa kabla ya wakati."

"Ngoja kwanza," mlevi akaingilia. "Picha ya fundi si anashika nyundo? Picha ya dereva si anaegemea gari? Sasa picha ya mwigizaji asipoigiza, huko Mbeya watajuaje kwamba sisi ni waigizaji? Watadhani tunaomba kazi ya ulinzi."

Hilo lilikuwa na akili. Nikasema tu kwamba yule bwana anataka kuona ukuta kabla ya kuupaka rangi. Mwenyekiti, ambaye anaupenda sana mfano anapousikia, akapiga kofi kwenye kamusi yake. "Mmesikia? Ukuta! Haya, nendeni mkanawe."

Lakini hata waliponawa hatukumaliza. Nilimpiga mlevi kuanzia mabegani, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, akashtuka.

"Umenikata miguu!"

"Ndivyo ilivyo, kaka. Ni picha ya uso."

"Hivi viatu nimeazima kwa shemeji. Kwa ajili ya hii picha. Halafu havimo?"

Wote wakageuka kunitazama kama mtu aliyefanya dhuluma. Huku kwetu mtu akipiga picha anataka aonekane mzima, kuanzia nywele hadi ncha ya kiatu. Picha ya nusu ni picha iliyoharibika, unarudishiwa. Nikafikiri haraka, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nikasema kila mtu atapigwa kwanza picha yake ya kusimama, na mavazi yake yote na viatu vyake vyote, hiyo ni ya kwake. Kisha ya uso, hiyo ni ya Mbeya.

Hapo pagale likachangamka. Mganga alicheza. Askari alimkamata mlevi, mlevi akamkamata askari. Kisha mmoja mmoja walikuwa wananawa kwenye ndoo, wanakaa kwenye stuli mbele ya shuka, wanatulia. Nikamsogelea mganga. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kwenye kidevu na unga umebaki kwenye kope. Ile kinga-jua ya lori ikamtupia mwanga chini ya macho. Nikabonyeza, nikatazama kwenye kioo. Kulikuwa na mtu pale. Kijana mwenye aibu, mwenye macho makubwa, ambaye sikuwahi kumwona ingawa namfahamu tangu shule ya msingi.

"Hebu," mjamzito akasema, akinisukuma atazame. Akamgeukia mganga. "Kumbe una macho, wewe."

Mganga akaenda kusimama nje peke yake kwa muda.

Nilikuwa nabonyeza, nahama, nabonyeza. Nilisahau kujiuliza kama wananiona najua au sijui. Sikumbuki siku nyingine ambayo nilisahau hivyo.

Yule mama alifika mchana, akitokea sokoni, vumbi la maharage kwenye mikono. Hakuwa na vazi la kuigizia. Akanawa, akakaa, akaweka mikono mapajani. Nikamwona kwa jicho langu: mama wa makamo, amechoka kidogo, mzuri. Nikainua kamera, na mle ndani ya kamera alikuwa amekaa mama mkwe.

Nikashusha kamera. Mama akarudi. Nikainua. Jicho moja likafumba nusu, mdomo ukaenda upande.

"Mama, legeza kidogo uso."

"Nimelegeza."

Tulijaribu akitazama pembeni. Tulijaribu akisema majina ya mboga. Tulijaribu mwenyekiti asimame nyuma yangu na kumchekesha, na mama mkwe akamtazama mwenyekiti kwa namna ambayo mwenyekiti aliacha kuchekesha. Mwisho akaniomba kamera, akatazama picha moja baada ya nyingine, uso ukamsawijika.

"Ni huyu huyu tu," akasema. "Kanimeza."

"Tujaribu tena, mama. Tuna muda."

Akanyanyua macho kutoka kwenye kamera, akalitazama lile shuka ukutani, kisha stuli, kisha picha mkononi mwake. Nikaona kitu kinamwingia.

"Nyuma shuka jeupe," akasema polepole. "Mbele uso peke yake. Mwanangu, hii si picha ya mwigizaji. Hii ni ile inayotangulia jeneza."

Mlevi aliweka chupa yake chini. Kweli ilikuwa hivyo: sisi sote tumefuata picha ya namna ile, mtoto mkubwa ameishika kifuani, fremu ina utepe, wengine wote nyuma. Ndipo mahali pekee ambapo mtu wa huku anaonekana kuanzia mabegani tu. Mama akanirudishia kamera kwa mikono miwili, akachukua kanga yake, akaondoka bila hasira. Kule kutokuwa na hasira ndiko kulikonimaliza.

Jioni nilikuwa nimekwishaandaa maneno ya kuomba radhi ya namna nyingi. Ombi moja lilikuwa refu kuliko risala ya harusi. Shangazi alinisikiliza nikizunguka chumbani, akasema, "Maharage yameisha. Kesho asubuhi nenda kanunue." Akaenda kulala.

Ijumaa niliamkia sokoni. Kulikuwa na ule ubaridi wa asubuhi wa kwetu, watu wamejifunika mashuka, magari ya mizigo yananguruma kuelekea geti la mpakani. Mama alikuwa anapanga makopo juu ya magunia. Aliponiona hakungoja maneno yangu.

"Kaa hapo juu ya gunia. La njano, hilo halitoboki." Nikakaa. "Dada yangu mkubwa alikufa kule Mbebe. Hana picha. Wakatafuta nyumba nzima, ikapatikana ya harusi ya watu, kasimama katikati ya kundi. Wakamkata. Wakaikuza. Begani kwake ukabaki mkono wa mtu. Msiba mzima watu badala ya kulia wanaulizana, huu mkono wa nani? Na alikuwa anatafuna, mwanangu. Shavu limejaa. Dada yangu kazikwa anatafuna."

Nilitaka kucheka na nikaona kwamba na yeye anataka nicheke, lakini sote wawili tukajizuia.

"Jana nimerudi nikafikiri. Nimesema, mimi sitaki kuzikwa natafuna. Na sitaki kuzikwa na jicho la mkwe. Kwa hiyo nipige hiyo hiyo. Ya msiba. Wewe hukukosea kitu. Mimi ndiye niliyekuja kwa picha nyingine."

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa nini? Hilo gunia ulilokalia nani kalibeba?"

Akilini kwangu mambo yalikuwa yanakwenda kasi. Je, si uchuro? Akipatwa na jambo mwezi ujao, si watasema yule msomi wa kamera ndiye aliyeanza? Je, niwaombe ruhusa watoto wake? Je, nikikataa nitakuwa nimemkosea mara ya pili?

"Unafikiri," akasema.

"Hapana mama."

"Unafikiri. Unaonekana hadi shingoni. Inuka twende, mwanga wako ule utaondoka."

Akamwachia jirani yake meza, tukapitia kwake. Alitoka amevaa kitenge cha kijani ambacho alisema amekivaa mara moja tu, kwenye ubatizo wa mjukuu. Amejipaka mafuta usoni. Tulitembea hadi kwenye pagale kwa haraka, yeye mbele, utadhani tunachelewa harusi, na mimi nyuma nikikimbia-kimbia na begi la kamera. Ndani hakukuwa na mtu. Ile kinga-jua ilikuwa haisimami kwa sababu ya upepo, akanipokonya, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika ungo.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama. Usiisogeze."

Mwanga ukapanda ukajaa usoni kwake. Nikainua kamera nikiwa tayari kumkuta yule mwingine. Lakini mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anapanga watu.

"Hapo ulipo wewe atasimama mkubwa wangu, yule wa Kitwe. Yeye ndiye atakayekuwa anaamrisha. Kushoto kwako yule wa Vwawa, huyo atalia sana, hana kifua. Wa mwisho atakuwa nyuma kabisa. Hapendi kuonwa akilia, atajifanya anapokea wageni." Macho yake yalihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. "Nyie. Msigombane."

Nikabonyeza.

"Jamani msigombane, nimesema. Shamba lipo."

Mama mkwe hakutokea. Nadhani hakuwa na kazi pale. Hakuna mtu anayemwigizia mwanawe akiwa amekuja kumzika. Nilibaki na mwanamke anayewatazama watoto wake wakubwa na kuwaona wadogo, anawaonea huruma, anawacheka kidogo. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Aliposema jina la yule wa mwisho, kwa sauti ya chini sana, kidevu kikainuka chenyewe, bila mimi kukiambia, na nikajua ndiyo hiyo. Nilijua kabla ya kutazama. Nikakaa chini kwenye vumbi la saruji na suruali yangu nzuri.

Akaja akainama juu yangu, akatazama kwenye kioo muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Huyu akiwatazama watatulia."

Nilikuwa na swali na sikujua mlango wa kuingilia. Ilikuwa bado kabla ya saa kumi. Nikaanza kueleza kwamba picha ni ya kwake, kwamba siwezi kuituma bila ruhusa, kwamba najua ilipigwa kwa jambo zito, kwamba kama hataki nitaelewa, kwamba hata mwenyekiti ataelewa.

"Huyo wa Mbeya atajua kwamba ni ya msiba?"

"Hawezi kujua, mama."

"Alitaka uso wa kawaida."

"Ndiyo."

"Basi si ndio huu? Nina mwingine wapi?" Akaanza kukunja kinga-jua. "Tuma. Watu wa msiba watasubiri zamu yao."

Studio za mjini kwetu zikikupiga picha zinakusafisha: makunyanzi yanafutwa, ngozi inang'arishwa mpaka unafanana na binamu yako. Nilikaa mbele ya kompyuta na kidole changu kikawa kinatamani, maana nilitaka wampende. Nikamwacha alivyo, na mikunjo yake yote na kovu dogo kwenye nyusi. Kisha nikatoka nje kutafuta mtandao. Simu za kwetu zina tabia ya kushika minara ya Zambia bila kukuuliza, kwa hiyo nilisimama nyuma ya choo cha shangazi, mahali pekee ambapo huwa niko Tanzania kwa uhakika, nikatuma sura zote kwa mwenyekiti azipeleke Mbeya, ya mama ikiwa ya mwisho. Niliandika maelezo chini yake, nikayafuta, nikaandika mengine, nikayafuta. Nikaiacha peke yake.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya, na kanisani nilimkwepa mama kwa sababu nilikuwa sina la kumwambia. Jumatatu asubuhi simu iliita, namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye uliyepiga hizi picha?" Sauti ya mwanamume, ya mtu aliyezoea kuongea na watu wengi.

Nikasema ndiyo, na nikaanza kuomba radhi kwa ile ya mlevi ambayo haikuwa kali sana. Hakusikiliza.

"Huyu mama wa kitenge cha kijani ni nani? Nimetazama video zote za kikundi, simwoni."

"Yumo. Yumo katika zote. Ndiye mama mkwe."

"Usinitanie, dada."

"Kweli kabisa, kaka."

Nikasikia akifungua tena moja ya zile video. "Naweza kuongea naye? Sasa hivi?"

Nilikimbia. Nilikatiza kwa wauza mitumba, nikaruka mtaro, nikapiga kelele "samahani" kwa watu ambao sijui kama niliwagusa. Nilifika kwenye meza yake sina pumzi, nikaweka sauti kubwa, nikamsogezea simu mdomoni.

"Ni yeye," nikasema. "Wa Mbeya."

Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Haloo."

"Shikamoo mama. Picha yako nimeipenda. Sasa nataka nikusikie. Hapo ulipo, fikiria umekaa siku nyingi hujamsikia mwanao. Simu imeita. Ni yeye. Mjibu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama."

Akaichukua simu kutoka mkononi mwangu. Hakufumba macho, hakusimama vizuri, hakufanya kitu chochote. Alitazama tu magunia.

"Haloo," akasema. "Haloo?" Akaibana simu sikioni. "Umekula?"

Jirani yake, aliyekuwa anapimia mteja karanga, akaacha kopo hewani.

"Siulizi uko wapi. Hilo utaniambia siku nyingine. Nauliza umekula." Akasikiliza mtu ambaye hakuwepo. "Haya. Haya, baba. Usikate. Usiongee kama hutaki, ila usikate. Mimi nitakuwa nachambua maharage hapa, wewe sikiliza tu."

Na akaanza kuchambua. Kwa mkono mmoja, polepole, harage baada ya harage likigonga kwenye sinia, simu sikioni. Watu walikuwa wamesimama. Yule jirani alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mteja wa karanga, mama mgeni ambaye hakuwa na habari ya lolote, akaninong'oneza, "Kapatikana?"

"Nani?"

"Si mwanawe! Namshukuru Mungu, kumbe yuko hai."

Simu ikakohoa. "Mama," yule bwana akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kuongea na watu wengi. "Mama, inatosha. Hiyo nafasi ni yako. Wiki ijayo tunakuja Tunduma, tunaanza na wewe."

Nilipiga ukelele. Sikukusudia, ulitoka wenyewe, na soko lote likaupokea, hata wale ambao hawakujua tunashangilia nini. Jirani alinikumbatia mimi badala ya mama. Mtu akarusha karanga. Mama peke yake alikuwa ametulia, ameinua mkono kututaka tupunguze kelele, kwa sababu alikuwa hajamaliza na simu.

"Nikuulize kitu, baba."

"Uliza, mama."

"Huyu mwanangu. Mwishoni anarudi?"

Yule bwana akacheka kidogo. "Hapo bado hatujaandika, mama. Tunalijadili. Kuna wanaosema arudi, kuna wanaosema asirudi, itagusa zaidi."

"Haya," mama akasema, akarudi kwenye sinia lake. "Andikeni anarudi."